Kingston: ziwa ni la wote, nyumba je?

Mtu akiniuliza maisha ya Kingston, katika jimbo la Ontario, Kanada, yakoje, naanza na kivuko. Kutoka katikati ya mji unapanda feri, unavuka kama dakika 20 hadi kisiwa cha Wolfe, na hakuna anayekudai nauli. Gari, baiskeli, mtoto, mzigo wa sokoni, vyote bure, maana jimbo ndilo linalogharamia. Mimi ni mtu wa Mwanza. Nimekua nikijua kuwa kuvuka ziwa ni tiketi mkononi, na siku ya kwanza nilitafuta dirisha la kulipia nisilione. Majira ya baridi husukumwa hewa chini ya maji ili barafu isizibe njia, kwa sababu kisiwani kuna watu wanaowahi kazini na watoto wanaosoma sekondari mjini.

Mji wenyewe si mkubwa. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 132,485. Uko pale Ziwa Ontario linapoanza kumwagikia mto St. Lawrence, na majengo yake ya zamani ni ya mawe ya chokaa, ya kijivu, mazito. Kati ya 1841 na 1844 ulikuwa makao makuu ya Kanada ya wakati huo. Jumba la halmashauri lililojengwa enzi hizo bado linatazama ziwa, na nyuma yake kuna uwanja wa soko ulioanza 1801. Kiangazi wakulima wanauza nyanya na mahindi mabichi hapo. Ikifika baridi uwanja huohuo unagandishwa barafu, watoto wanateleza bila kiingilio.

Halafu kuna gati la Breakwater Park, lililofunguliwa upya 2018 na kupewa jina la mwanamuziki Gord Downie. Watu wanajirusha majini kutoka hapo, mchana kutwa, mwezi wa Julai. Wanafunzi, wazee, familia zilizofika mwaka jana tu. Mwenye nyumba ya ufukweni na asiye na kazi wanaogelea maji yaleyale. Miji mingi ya ziwani imeuza ufukwe wake kwa hoteli na kuta. Huu umeacha sehemu kubwa wazi, na ninaupenda kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Ndiyo maana suala la nyumba linaniuma. Mwaka 2018, katika kila nyumba 1,000 za kupangisha hapa, zilizokuwa wazi ni 6 tu. Chuo Kikuu cha Queen's kina makumi ya maelfu ya wanafunzi, na wengi wao wanapanga mitaani, mikataba ikianza tarehe 1 Mei. Piga hesabu: nyumba ya vyumba vitano, kila mwanafunzi analipia chumba chake. Baba mwenye watoto watatu na mshahara mmoja atashindanaje na wapangaji watano? Sisi tulitafuta miezi saba. Mwenye nyumba mmoja alituambia waziwazi kwamba familia hazimlipi. Siwalaumu vijana waliokuja kusoma. Chuo kinapoongeza wanafunzi bila kuongeza mabweni ya kutosha, mzigo unamwangukia mpangaji.

Na kumpata daktari wa familia, yule unayeandikishwa kwake akutibu siku zote, ni vilevile. Mwaka 2024 mamia ya watu walipanga foleni nje, kwenye baridi, siku kadhaa, ili tu waandikishwe kwenye kliniki moja. Mji wenye hospitali kubwa na chuo cha udaktari!

Nasikia watu wakisema soko la nyumba ndilo huamua. Mbona kivuko hakikuachiwa soko? Mtu alikaa ofisini akaamua kwamba mkazi wa kisiwani lazima afike mjini, akatenga fedha. Nyumba za bei nafuu zinataka uamuzi wa namna hiyohiyo: ardhi ya umma, fedha za jimbo, na chuo kulazimika kulaza wanafunzi wake.

Jirani yetu wa zamani, muuguzi, kodi ilimshinda akahamia Napanee. Kila alfajiri anaendesha kama kilomita 40 kuja kuhudumia wagonjwa wa mji uliomkosesha nyumba. Jumamosi akiwa hayuko zamu huwaleta wanawe hapa, wakapande kivuko kwenda na kurudi, mara mbili wakitaka.