Alipojua Kuruka Ndo Tukampoteza

Jana nimetoa mia tano yangu kibanda umiza kumwangalia Superman akiokoa dunia. Kaiokoa. Mtafsiri anapiga kelele mpaka spika inakohoa. Natoka nje kupunga upepo, nakuta bodaboda wawili wamekumbatiana katikati ya barabara, kila mmoja anadai mwenzake ndo kamfuata upande wake. Nikaangalia juu. Kimya.

Na msidhani jamaa alianza na maringo. Vijana wawili wa Cleveland, Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, walipomtoa kwenye vitabu vya katuni mwaka 1938 alikuwa kama mjumbe wa nyumba kumi. Mume anapiga mkewe? Kaingia ndani, hajabisha hodi. Tajiri mwenye mgodi hataki kugharamia usalama wa wachimbaji? Kamfungia humo humo chini, yeye na wageni wake wa sherehe, washike sururu wenyewe. Mwaka 1939 akawatangazia vita madereva wazembe: kaponda magari, kambeba meya mpaka mochwari akaone maiti za ajali. Meya! Mwaka huo huo akabomoa nyumba za uswahilini kule kwao ili serikali ilazimike kujenga mpya. Hapo niwe mkweli, wa kubomoa hata sisi tunao. Yeye alipobomoa, zikajengwa.

Sasa sikilizeni kilichomharibu. Siku zile alikuwa haruki angani. Alikuwa anachupa, kama mita 200, anatua, anachupa tena. Na ukitua kila mita 200, mara nyingine utatua uani kwa watu. Unakuta mama kaishiwa nguvu na ndoo, mpangaji na mwenye nyumba wameshikana mashati, utajifanya huoni? Miaka ya 1940 wakampa kuruka moja kwa moja. Basi. Tangu hapo ni sayari, vimondo, majitu ya nyota nyingine.

Namfahamu mtu wa hivyo. Shemeji yangu alipokuwa anapanda daladala alijua mpaka mtoto wangu yupi ana mafua. Kapewa cheo na gari la vioo vyeusi, siku hizi ananipita kituoni ananipigia honi. Honi, jamani.

Ndo maana mimi ni wa Spider-Man, yule wa Queens, New York, aliyeanza 1962. Kodi inamkaba. Anauza picha zake kwa gazeti ambalo bosi wake anamtukana yeye huyo huyo. Halafu anaishi na yule mama aliyemlea, mtafsiri wetu anamwita shangazi, na mimi kila siku nabishana naye: mke wa kaka wa baba yako anakuwaje shangazi? Ni mama mkubwa! Kibanda kizima kinaniambia nikae chini. Huyu anatembea na utando wake mtaa kwa mtaa, lazima aone mwizi wa pochi.

Nikiwa katikati ya kuwaeleza haya, mwanangu wa mwisho kachungulia mlangoni.

"Baba, mama anasema gesi imeisha tangu mchana, ulisema utabeba mtungi."

"Mwambie nakuja."

"Kasema usiseme unakuja."

"Wewe mtoto, huoni? Dunia iko hatarini hapa."