Mpaka wa Ruvuma, salfa na kura ya ubunge

Uchaguzi ukikaribia, wapigakura wa Mtwara hutupiwa lawama ileile: vita viko ng'ambo ya Ruvuma, wao bado wanauliza bei ya korosho. Lawama ina msingi. Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, haijatulia tangu Oktoba 2017, na tarehe 14 Oktoba 2020, wiki mbili kabla ya kura, wapiganaji walivuka mto wakaishambulia Kitaya, kijiji cha upande wetu wa mpaka. Oktoba ni mwezi mbaya kwa balaa la namna hiyo, maana ndipo korosho zinadondoka. Korosho huokotwa chini. Kaya ikikimbia shamba, mvua za kwanza zikazikuta hapo zilipo, zinaloa, zinageuka nyeusi, na ghalani zinaingia daraja la pili kama hazikukataliwa kabisa. Anayesema usalama ndio uchumi hajakosea.

Anakosea anapoibeba hoja hiyo hadi kwenye karatasi ya mbunge. Ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano, Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, na kamati za usalama za mkoa na wilaya zinaongozwa na mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, wote wateule wa Rais. Mbunge hapangi kikosi kikae Kitaya au Tandahimba. Atapigia kelele barabara ya mpakani na kituo cha polisi, basi. (Kura ya urais ina hesabu nyingine, huko anayeuliza habari za mpaka ana haki yote.) Tena neno usalama lina kumbukumbu yake hapa: Mei 2013, watu walipohoji bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, wanajeshi waliletwa mjini.

Sasa tazama salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mkorosho mkubwa hupuliziwa gramu 250 kila mkupuo, mara nne au tano, kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu. Shamba la nafasi ya mita 12 kwa 12 lina miti kama 28 kwa ekari. Mikupuo minne ni kilo 28, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 hautoshi hata ekari moja. Mwenye ekari tano anahitaji kilo 140. Akiruka mkupuo maua yakiwa yanachanua, yanavaa unga mweupe na kukauka, na hakuna dawa ya kuyarudisha.

Pembejeo hizo zilikuwa zikibebwa na ushuru wa korosho ghafi ziendazo nje, ambao asilimia 65 yake ilirudi kwenye tasnia. Juni 2018 Bunge lilibadili sheria, fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, wabunge wa Kusini wakipinga bila mafanikio. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 310,000. Wa 2020/21, takribani 210,000. Tani laki moja zimeyeyuka katika misimu mitatu! Ushuru haustahili kubebeshwa mzigo wote: kulikuwa na mvurugano wa bei wa mwishoni mwa 2018, serikali ikanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likazisomba, na hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Hata hivyo, ruzuku ya pembejeo iliporudi mavuno hatimaye yalipanda, hadi yakavuka tani 500,000 msimu wa 2024/25. Wapiganaji wa Cabo Delgado walikuwepo miaka yote hiyo, ya kushuka na ya kupanda.

Ndiyo maana anayemuuliza mgombea ubunge habari za korosho namwona anauliza penye mkono wa mbunge: ushuru hauguswi bila kura ya Bunge. Na swali lake lina tarehe. Bunge la bajeti hufunga hesabu mwishoni mwa Juni, na maua ya kwanza ya mikorosho huanza kudai salfa majira hayohayo. Je, mifuko itakuwa imefika kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kabla ya hapo, au itafika Agosti, ubwiriunga ukiwa umeshamaliza kazi?