Tairi za 315 Si "Zile Zile"

Ukiulizia tairi za lori hapa Arusha, iwe Unga Limited au upande wa Sakina, utatajiwa size na bei, basi. Ukishangaa mbona hii imeizidi ile zaidi ya laki, jibu liko tayari: "Zile zile tu bosi, hapo unalipia jina." Siwalaumu sana wauzaji, maana wengi wetu hatuulizi kingine. Lakini hiyo "zile zile" siikubali. Tofauti imechapwa ubavuni, na kuisoma hakuna anayekutoza.

Chukua tairi mbili za size moja, 315/80R22.5 (315 ni upana wake kwa milimita). Rimu moja, kashata (michongo inayokanyaga barabara) karibu sawa. Moja ina 156/150 ubavuni, nyingine 154/150. Namba ya kwanza ni alama ya uzito ambao tairi inabeba ikifungwa moja moja, kama mbele. Ya pili ni zikifungwa mbili mbili, kama nyuma. 156 maana yake kilo 4,000. 154 ni kilo 3,750. Sasa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu ekseli ya usukani tani 8. Piga hesabu: mbili za 156 zinafika tani 8 kamili, mbili za 154 zinaishia tani 7 na nusu. Unaweza kuvuka mizani ya Himo bila faini hata senti, huku tairi za mbele zimezidiwa kilo 500, na mbele yako kuna Same hadi Mombo, jua la mchana na lami inachemka. Mizani iko pale kulinda barabara. Tairi ni shauri lako.

Nyuma hesabu inageuka. 150 ni kilo 3,350, na nne kwenye ekseli moja zinabeba zaidi ya tani 13, wakati kisheria ekseli hiyo mwisho wake ni tani 10. Ndiyo maana nasema tajiri (mwenye lori) mwenye bajeti ndogo abane nyuma, mbele asibane. Wengi tunafanya kinyume: tunaweka zozote mbele, halafu tunasifia tairi za difu, yaani ekseli ya nyuma inayosukuma lori.

Ila nyuma kuna mtego mwingine. Utaambiwa 295/80 na 315/80 zinaingia rimu moja, na kweli zinaingia. Lakini 315 ina kipenyo kikubwa kwa kama sentimita 3. Ukizifunga pamoja upande mmoja, kubwa inabeba mzigo wa mwenzake, inachemka, na ndogo inaburuzwa. Hata tairi mpya kando ya kipara ina shida hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo zaidi.

Kuhusu PR (ply rating, daraja la nguvu ya tairi), watu wanaipenda mno. "Hii ni 20 PR, ngumu hiyo!" PR haihesabu nyuzi zilizomo, radial ya chuma ya lori kwa kawaida ina tabaka moja tu la waya ubavuni. Tazama kilo, kisha tazama upepo ulioandikwa pembeni yake, kwa sababu kilo hizo ni za upepo huo. Kwa 315 mara nyingi ni karibu PSI 120, na utingo anayepima kwa kugonga na rungu hawezi kukuambia kama ni 120 au 90.

Halafu tarehe. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT ubavuni: 1025 ni wiki ya 10 ya mwaka 2025. Jina moja, duka moja, bei moja, na bado ukazikuta zimepishana miaka minne, hasa zile zinazopangwa nje ya duka zikipigwa jua. Herufi za mwanzo baada ya DOT ni za kiwanda, na wakati mwingine majina mawili yanayogombana kwa bei yametoka kiwanda kimoja. Hapo ndipo mwenye duka anaposema kweli kuhusu jina. (Mji huu huu ulikuwa na kiwanda chake cha tairi, General Tyre. Leo tunasoma herufi za viwanda vya mbali.)

Kashata sina mengi: mistari mirefu kwa lami, vitalu vikubwa kwa wanaoingia vumbi la Simanjiro.

Mimi nikilipa naomba size, namba za uzito na tarehe viandikwe kwenye risiti, tairi kwa tairi. Muuzaji akiona namsumbua, namwachia tairi zake.