Banio la mawe linalovuja si banio bovu

Nimechoka kusikia kwamba mabanio ya mawe ya Upare, yale makingio ya mtoni yanayoyageuzia maji kwenye mfereji, ni ya kizamani na yanapoteza maji. Maji yanayopenya kati ya yale mawe hayapotei. Yana wenyewe, wako kule chini, na wanayasubiri.

Bonde ninalolisemea ni la mto Makanya, wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, Tanzania. Juu milimani kuna Vudee, kwenye ubaridi na mvua ya kutosha. Katikati ni Bangalala. Chini kabisa, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, ni Makanya kwenyewe, ambako mto huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ya Bangalala ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, tena imegawanyika kati ya vuli na masika. Mahindi hayatoshelezwi na mvua hiyo. Yataota vizuri, yatafika kifuani, yatatoa mbelewele, halafu jua linawaka majuma mawili mfululizo na magunzi yanabaki matupu. Kumwagilia mara moja tu wakati ule ndiko kunakoamua kama nyumba itapika makande yake au itanunua unga dukani.

Ndiyo maana wazee walichimba ndiva. Kwa asiyezijua, ndiva ni bwawa dogo la udongo lililokaa mteremkoni, juu ya mashamba. Usiku kucha mfereji unaleta maji kidogo kidogo kutoka mtoni. Asubuhi linafunguliwa, na maji ambayo kwa wembamba wake yangenywewa na udongo wa mfereji kabla hayajafika popote, sasa yanashuka kwa nguvu hadi shamba la mbali. Mwenye zamu anakuwa ameshasimama na jembe. Anafungua jaruba la kwanza, likijaa analiziba kwa udongo, anakimbilia la pili. Salamu ataitikia bila kuinua kichwa, maana bwawa likiisha na zamu yake imekwisha.

Zamani ndiva ilikuwa ya ukoo ulioichimba, na matambiko yake yalikuwa ya ukoo huo. Siku hizi kuna kamati. Kilichobaki ni msaragambo: siku ya kutoa tope na kusafisha mfereji watu wote wanatoka, na asiyetoka anatozwa faini. Haki ya maji inakuja na jasho, na kila mtu anajua nani alikuwepo.

Lakini ndiva peke yake haitoshi, kwa sababu mto ni mmoja na ndiva ni nyingi. Hapo ndipo lilipo jambo ninaloliheshimu kuliko yote katika bonde hili: wa juu na wa chini waligawana saa. Wa Vudee walimwagilia mchana, usiku wakayaachia maji yashuke yakajaze ndiva za Bangalala. Wengi wao ni ndugu, wameoana na kuzikana, kwa hiyo makubaliano hayo hayakuhitaji askari. Na banio lilisaidia. Banio la mawe, matawi na udongo haliwezi kuuziba mto wote hata mwenye nalo akitaka. Daima kuna yanayopita.

Sasa lete saruji. Banio la zege lenye mlango wa chuma linaweza kunywa mto wote wa kiangazi mpaka tone la mwisho. Ripoti ya mradi itaandika kwamba ufanisi umeongezeka, na kwa mfereji ule mmoja ni kweli. Kilomita chache chini, ndiva ya mtu mwingine inalala tupu, na ugomvi ambao haukuwepo unaanza. Kosa ni kupima mfereji mmoja na kuusahau mto.

Sheria nayo ina kasoro kama hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji, na kibali kinaandika kiasi cha maji. Huo ni utaratibu unaofaa mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, ambayo ina mto mkubwa mbele yake. Kijito cha Upare mwezi wa Septemba kinaweza kisiwe hata na hayo maji yaliyoandikwa. Watu wa bonde hawakugawana lita, waligawana muda, na muda unagawanyika hata mto ukipungua. Sheria hiyohiyo inazitambua haki za maji za kimila. Basi Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, inayotoa vibali vya huku, iandike saa, na kibali kiwe cha ndiva zote za mto mmoja kwa pamoja. Upare ina kumbukumbu ndefu ya makadirio yaliyotoka juu bila kuwasikiliza wenyeji: mwaka 1945 watu walimiminika Same kuikataa mbiru, kodi iliyopandishwa kwa kukadiria mali ya kila mmoja.

Sisemi mila ni takatifu. Wenye mashamba mkiani mwa mfereji huumia daima, wanawake wanaolima mashamba hayo mara nyingi hawasikilizwi zamu zinapopangwa, na watu wa Makanya, wanaotegemea kuyatega mafuriko na tope lake, hawakuwahi kuwa na kiti katika makubaliano ya Vudee na Bangalala. Wala siikatai saruji. Sakafia ndiva yenyewe kwa saruji isivuje, maana maji yaliyomo tayari yana zamu. Jengea mfereji pale unapokatika kila masika.

Banio ni jambo jingine. Kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujapandishwa mlimani, wakae pamoja wa juu, wa kati na wa chini, wanawake wakiwemo, waone mchoro. Na kwenye mchoro huo liwepo tundu la kupitisha maji ya wa chini, lililojengewa ndani ya zege, lisilo na mlango wa kufunga.