Kwenye filamu ya skani, kivuli ndicho kinachoonyesha umbo

Wapo madaktari wa radiolojia, yaani wasomaji wa picha za mwili, wanaoziona picha za 3D, zinazouonyesha mfupa kama kitu kizima chenye kina, kuwa mapambo. Hoja yao ni nzito: chochote unachokiona kwenye picha hiyo ya kung'aa kilikuwamo tayari kwenye vipande vya CT skani, mashine ya eksirei inayoupiga mwili picha kipande kwa kipande, tena kwa undani zaidi. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kudhani kwamba taarifa ikiwapo, basi umbo limeshaonekana.

Chukua dereva wa bodaboda aliyeangukia ubavu. Kichwa cha mfupa wa paja kimesukumwa ndani ya kikombe cha nyonga na kukipasua. Kikombe hicho kimeshikiliwa na nguzo mbili za mfupa, ya mbele na ya nyuma, na upasuaji utaanzia wapi inategemea ni nguzo ipi imevunjika. Mwaka 1964 wapasuaji Wafaransa Judet na Letournel walieleza kwamba eksirei ya mbele peke yake haitoshi: mgonjwa aegemezwe nyuzi 45 upande huu, kisha upande ule. Hata hivyo, kazi ya kuziunganisha picha tatu iliachiwa kichwa cha daktari. CT skani, iliyompima mgonjwa wake wa kwanza London tarehe 1 Oktoba 1971, iliondoa tatizo la mifupa kufunikana, lakini leo inamletea daktari huyohuyo mamia ya vipande avipange akilini. Bingwa mzoefu anaweza. Kijana anayesomea ubingwa bado anahangaika, na mara nyingi ndiye yuko zamu usiku.

Kompyuta ilianza kumsaidia zamani. Mwaka 1987 watafiti Lorensen na Cline wa kampuni ya General Electric walichapisha njia ya kugeuza vipande kuwa uso wa 3D uliofumwa kwa pembetatu ndogondogo. Miaka ya karibuni kampuni ya Siemens imeleta programu inayokokotoa jinsi miale ya mwanga inavyogonga mwili, kutawanyika na kuzuiwa, ili ufa upate kivuli laini kama ambavyo ungekipata chini ya taa ya chumba cha upasuaji. Wanaoibeza husema ni urembo wa sinema. Kwa hospitali zenye skrini nzuri kila wodi, huenda wana haki kidogo, kwa sababu pale mpasuaji anaizungusha picha mwenyewe, na umbo linajitokeza kwa kule kuzunguka.

Kwetu mambo ni tofauti. Mara nyingi kinachomfikia mpasuaji ni filamu, yaani karatasi ya plastiki iliyochapwa picha za skani, ndani ya bahasha aliyoibeba ndugu wa mgonjwa. Filamu haizunguki. Ikishachapwa, kinachobaki kumwambia daktari lipi limebonyea na lipi limetokeza ni mwanga na kivuli tu, kwa hiyo sisi tusio na skrini za kutosha ndio tunaokihitaji zaidi kivuli hicho kizuri. Hata mahali taa ilipowekwa si jambo dogo. Jicho la binadamu huchukulia kwamba mwanga unatoka juu. Ukiangaza mfupa kutoka chini, shimo linaweza kuonekana nundu. (Njia nyingine inayofaa filamu ni ya kale: picha mbili zilizopigwa kwa pembe tofauti kidogo, moja kwa kila jicho. Elihu Thomson alikuwa akizipiga kwa eksirei tangu 1896.)

Hatari ipo, na si ya kupuuzwa. Mfupa mwembamba kama sakafu ya tundu la jicho unaweza kutoweka kwenye picha ya 3D ukaonekana tundu, kumbe ni mzima. Ufa mwembamba nao hulainishwa ukapotea. Kwa hiyo asiwepo wa kutoa ripoti kwa 3D peke yake.

Ninachoomba hakihitaji mashine mpya wala mionzi ya ziada, kwa kuwa data ni ileile. Mtaalamu wa mionzi akimaliza skani ya nyonga iliyovunjika, akifute kichwa cha paja kwenye kompyuta ili kikombe kibaki wazi, aweke taa juu, kisha achape kikombe kikitazamwa kutoka ubavuni, kutoka mbele na kutoka nyuma, kwenye filamu ileile yenye vipande. Programu kama 3D Slicer hupatikana bure, kwa mafunzo angalau. Kinachokosekana ni mpasuaji kuyaandika hayo kwenye fomu ya maombi, badala ya kuandika "CT nyonga" na kusaini.