Kreti Tano na Babu Stesheni

Siku ya kipaimara ya mtoto wa dada yangu, pale Nkuhungu, Dodoma, nilibeba kazi tatu: kupika pilau la kilo 12, kufuatilia soda, na kuhakikisha babu anapokelewa stesheni akishuka kwenye treni ya SGR kutoka Morogoro. Hakuna aliyenilazimisha. Kiherehere changu tu.

Vipimo vilikuwa sawa. Mchele kilo 12, nyama kilo 8, maji lita 18 ukihesabu na supu ya nyama, maana kila kilo inakula lita moja na nusu. Mchele ukiwa mpya unapunguza kidogo, la sivyo unawapakulia wageni uji wenye binzari.

Shida ni kwamba pilau haliungui maji yakiwa yanachemka. Linaungua pale maji yanapozama chini ya usawa wa mchele. Hapo kuni zote zinatoka, yanabaki makaa machache chini, mengine unayapandisha juu ya mfuniko. Ni dakika moja tu ya kutulia. Dakika hiyohiyo mimi nilikuwa naandika meseji mbili kwa dole gumba lenye mafuta.

Ya muuza soda: “Leta kreti tano, ziwe za baridi. Usipitie kwingine.” Ya babu: “Shikamoo. Ukishuka kaa kwenye benchi, usiende popote, kijana anakuja kukuchukua.”

Muuza soda akajibu: “Marahaba mjukuu wangu.”

Nilicheka kwanza. Kisha nikasikia harufu.

Ilikuwa Julai, na upepo wa Dodoma mwezi huo hauna adabu. Ulikuwa unavuma kutoka mashariki, unasukuma moto wote upande mmoja wa sufuria, na bati la kukinga nililiona limeegemea ukuta, nimelisahau. Nikashika mwiko nikoroge.

“Weka chini huo mwiko!” Shangazi huyo. “Ukikoroga umelitia moshi lote.”

Tukaipua, tukaikalisha sufuria ndani ya karai la maji baridi, tako tu lizame, ili chini kuache kuungua. Akaanza kuchota kutoka juu, akianzia upande wa mashariki ambao moto haukufika, akihamishia sufuria nyingine bila kukwangua. Kila sahani ya tatu anaonja. Ulipofika mchele wa rangi ya chai ya rangi, akasimama. Juu ya lililookolewa akapanga vipande vya mkate, akafunika dakika kumi, mkate ukanywa sehemu kubwa ya moshi. Kuku wa jirani waliurithi.

Lilipungua kama robo. Shangazi akabadilisha bakuli la kupakulia akaleta dogo, kachumbari ikaongezwa, na hakuna aliyetangaza kitu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba bakuli dogo lililojaa linaheshimika kuliko kubwa lenye nafasi.

Kuhusu meseji, usiandike nyingine ya kurekebisha. Mikono iliyokosea ni hiyohiyo. Nilipiga simu, nikaanza na babu, kwa sababu soda haiibiwi begi stesheni.

“Babu, shikamoo. Ile meseji nimekosea, haikuwa yako.”

“Marahaba. Umechelewa, bwana. Hapa tunapatana bei ya kuweka dhamana ya chupa.”

Muuza soda naye alikuwa amekaa dukani kwake kwa utii, anasubiri kijana aje kumchukua. Nikamwomba radhi, nikamwambia asilete tena. Akasema angalau leo ameamkiwa.

Saa nane bajaji ikasimama getini. Babu yuko katikati ya kreti tano, moja ameipakata, fimbo imepita juu ya bega la dereva.

“Mbukwenyi!” akatusalimu wote. Akashuka, akakung'uta vumbi, akanikabidhi karatasi ya dhamana, akakaa, akaletewa sahani. Akaigeuza geuza.

“Ukoko wangu uko wapi?”

Shangazi akanitazama. Mimi nikatazama karai.