Siku Niliyokuwa Daktari na Mgonjwa kwa Pamoja

Kazi ya tafsiri na ukalimani haihitaji duka wala mtaji mkubwa, na kwa sababu hiyo nilipoamua kuifanyia nyumbani kwetu Mkomani, Lamu, nilinunua kompyuta, vipokea sauti vya masikioni na kifurushi cha intaneti, nikajihesabu kuwa nimeshafungua ofisi. Kilichokosekana ni mahali pa kukaa. Nyumba zetu za matumbawe zina kuta nene zinazozuia jua, joto na, kama ilivyodhihirika, mtandao wa simu. Mji huu ambao UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 haukujengwa na watu waliotarajia kupigiwa simu kutoka Marekani. Mahali pekee palipofaa ni juu darini, chini ya makuti, kando ya jiko. Na kila mwenyeji anajua kwamba dari za Lamu zimekaribiana kiasi cha mtu kuomba chumvi nyumba ya pili bila ya kuinua sauti.

Tafsiri za maandishi zilikuja, ingawa kwa mwendo wa mtumbwi usio na tanga. Nilikuwa nimeng'ang'ania kulipwa kwa hesabu ya maneno ya Kiingereza, kwa kuwa Kiswahili hukusanya sentensi nzima ndani ya neno moja na kumwacha mfasiri na njaa, lakini mteja wangu wa kwanza alikuwa na desturi ya kulipa siku 30 baada ya kupokea ankara. Fedha ya haraka, nilivyoambiwa, imo katika ukalimani wa simu. Sheria za Marekani huzitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kuwapatia wakalimani wagonjwa wasiojua Kiingereza, na kwa kuwa wakimbizi wengi wa Kongo waliohamia huko huzungumza Kiswahili, kampuni moja ilikubali kunitahini.

Masharti yake makuu yalikuwa mawili. La kwanza, mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza: mgonjwa akisema "naumwa", naye husema "naumwa", wala hasemi "anasema kwamba anaumwa". La pili, lolote alisikialo ni siri, na hata maswali ya mtihani hayatamkwi nje. Nilitia sahihi kwa furaha.

Mtihani ulipangwa saa nne asubuhi kwao, ambayo kwetu ilikuwa saa kumi na moja jioni, wakati ambapo jua limepoa na kila dari ya Mkomani ina watu. Mtahini mmoja aliigiza daktari asemaye Kiingereza, na mwingine akaigiza mgonjwa asemaye Kiswahili, mama mwenye mimba ya miezi saba. Sauti zao ziliishia masikioni mwangu. Majirani walinisikia mimi tu.

Basi waliojua Kiswahili pekee, yaani mabibi waliokuwa wakipeta mchele dari ya pili, walinisikia nikitangaza: "Mimi ndiye daktari wako leo. Nimeyasoma majibu ya damu yako, na sukari imepanda." Kijana wa kidato cha tatu, aliyekuwa akidurusu vitabu vyake dari ya upande wa pili, alinisikia nikieleza kwa Kiingereza fasaha kwamba nina mimba ya miezi saba, kwamba miguu imenivimba, na kwamba mama yangu bado hajaambiwa. Nilipofika kwenye swali, "Umekula nini leo asubuhi?", sauti ya kike ikavuka kutoka dari ya jirani kabla mgonjwa hajafungua kinywa: "Mahamri manne, daktari, na chai ya maziwa."

Baada ya Maghrib niliteremka nikakuta daka letu, yaani kibaraza cha mlangoni, limejaa. Bibi mmoja alileta goti, mwingine alileta mfuko wa dawa alizopewa mumewe, na mzee mmoja alitaka kujua kama udaktari wangu unafika kwa punda, ilhali hospitali ya punda ipo mji huuhuu na haimtozi mtu kitu. Niliwaambia kwamba mimi si daktari. Hilo likawathibitishia, kwa kuwa tapeli ndiye hujitangaza, na daktari wa kweli huwa mnyenyekevu. Wakaniuliza basi nilikuwa nikimtibu nani, na hapo nikanyamaza, maana nilikuwa nimetia sahihi. Walitazamana kwa heshima kubwa zaidi.

Habari ya kijana wa kidato cha tatu ilichukua njia nyingine. Mama yake aliisikiliza, akaikataa, akaitengeneza: mwanamume hachukui mimba, kwa hivyo aliyesemewa ni mkewe. Kufikia asubuhi taarifa ilikuwa imefika Shela kwa mama mkwe wangu, ambaye siku chache kabla alikuwa amemwona binti yake akiwa mwembamba vilevile. Alipanda mashua, akaja, akaketi sebuleni, akakataa kahawa.

"Mwanangu, mimi sikuja kugombana," alisema kwa upole ulionitoa jasho. "Nimekuja kuuliza huyo mke wa pili yuko wapi, nimpelekee uji."

Nilimtazama mke wangu, ambaye alijua vyema kwamba nilikuwa na mtihani. Alikuwa ameshughulika na birika.

"Muulize mwenyewe, mama," akajibu. "Mimi nimeambiwa ni siri."

Niliiandikia kampuni kuomba ruhusa ya kujitetea, na kwa bahati walijibu siku hiyohiyo. Barua yao ilieleza kwamba mazungumzo yote yalikuwa ya kuigiza, kwamba hakuna mgonjwa wala mimba, na kwamba nimefaulu, isipokuwa nimepunguziwa alama kwa sababu ya mtu wa tatu aliyejibu swali la chakula. Nilimpelekea mama mkwe barua hiyo nikaanza kumfasiria. Aliinua mkono. Mshtakiwa, alisema, hawezi kuwa mfasiri wa kesi yake mwenyewe, hata akiwa na ofisi darini.

Akaitiwa kijana wa kidato cha tatu. Aliisoma barua taratibu, akaifasiri sentensi baada ya sentensi, akiruka msamiati uliomshinda, na alipomaliza mama mkwe alivuta pumzi, akaomba ile kahawa, kisha akafungua pindo la leso na kumlipa kijana shilingi 50 mkononi. Ankara yangu ilikuwa bado inasubiri siku zake 30, kwa hivyo hayo yakawa malipo ya kwanza ya tafsiri kutolewa ndani ya nyumba yangu.